Choo cha Futi Arobaini

Qurus, Karatu
7 Juni 1981

Kwa Lusia, mke wangu mdogo,

Mwalimu wa ngumbaru alitufundisha kwamba barua huanza na "mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako". Basi mimi si mzima. Goti la kushoto limejiuzulu, na jino langu la mwisho la juu linaning'inia kama kiongozi aliyekataliwa kwenye uchaguzi na bado anakaa ofisini. Hofu kwako sina. Wanaokula wali kila siku wajihofie wenyewe.

Baba yako Yohani amevuna maharage, si mabaya. Mama yako Marsela anakusalimu, anasema usikate nywele. Mdogo wako Hyasinta alihara siku nne, sasa anacheza, lakini ni mara ya tatu tangu Krismasi. Wajukuu wa jirani yetu Sylvesta nao vilevile. Dukani hakuna sabuni wala chumvi. Kiberiti kipo, lakini hakiwaki.

Kaburi la mke mwenzio Cresensia lilitimiza mwaka mwezi wa nne. Tulipanda maua. Ng'ombe wake, yule aliyemwita Shangazi kwa kupenda kuchungulia mambo ya watu, aliyala yote siku ya pili. Nilimwacha. Nadhani walipatana.

Sasa neno lenyewe. Nasikia hapo chuoni kwenu mnafundishwa maji, kana kwamba hamjawahi kuoga. Nijibu hili: mvua imekatika, na mpaka Novemba hatutaona tone. Lakini chemchemi yetu, ingawa imepungua, inatoa maji, na kijiji kizima kinakunywa hapo. Yanatoka wapi? Baba yangu alisema mle ndani kuna mwenyewe, tusipige kelele. Padre akasema hakuna mwenyewe, kuna Mungu. Nikamuuliza Padre, haya, Mungu anayaweka kwenye nini? Akaniambia nije kutubu Jumamosi.

Usinijibu kama Padre.

Mimi mumeo mzee,
Tluway

*

Dar es Salaam
2 Julai 1981

Babu, mume wangu,

Nimecheka kwenye foleni ya chakula mpaka wenzangu wakadhani nimepata mchumba. Pole na goti. Mwambie mama nywele zipo, ila joto la huku linanishauri vibaya. Wali tunaoupata una mawe mengi kuliko korongo letu.

Habari ya Hyasinta imenikosesha raha. Mwambie mama achemshe maji yatokote kabisa, hata kama kuni ni shida.

Swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoyasikia darasani. Watu wengi wanadhani chini kuna ziwa, au mto unaokimbia gizani. Wewe fikiria machicha ya pombe. Ukishachuja, ukayaacha kwenye kikapu, yanaonekana makavu, lakini weka bakuli chini uone. Yatadondosha mpaka kesho, kwa sababu pombe imejificha kati ya punje na punje. Mlima wetu ni machicha. Kule juu kwenye msitu wa Ngorongoro mvua na ukungu vinaingia kwenye jivu lililotapikwa na volkano zamani, vinashuka polepole sana mpaka kwenye tabaka la udongo mgumu usiopitisha kitu. Hapo maji hayana pa kwenda chini tena, yanafuata mteremko. Pale mteremko ulipokatika yanachungulia nje. Ndiyo chemchemi yetu. Kwenye udongo laini maji yanaweza kwenda hatua moja kwa mwezi, na kwenye changarawe yenye matundu hatua kadhaa kwa siku.

Babu, nina maswali yangu pia, ni ya masomo tu. Kile choo chako cha kampeni ya afya ya mwaka sabini na tatu, kilichokupa blanketi la zawadi, kiko hatua ngapi kutoka chemchemi? Kiko upande wa juu, sivyo? Na mlipochimba, chini kabisa mlikuta udongo wa namna gani?

Nisalimie kaburi la mke mwenzangu.

Lusia

*

Qurus
9 Agosti 1981

Mke wangu msomi,

Barua yako nimeisoma mara nne, mara mbili kwa sauti. Sylvesta alisikia ile ya machicha akasema kumbe serikali imekupeleka Dar kujifunza pombe. Nikamwambia wewe huwezi kuelewa, kichwa chako ni lile tabaka lisilopitisha kitu.

Tuko salama. Yohani amepaka nyumba chokaa upande mmoja, chokaa ikaisha. Tembo wameshuka tena kwenye yale mapango ya msituni, wanachimba udongo wa chumvi kwa pembe. Hawa hawaendi dukani kuambiwa hakuna. Hyasinta alikuwa vizuri, juzi tumbo limemshika tena. Marsela anachemsha maji, lakini mtoto anakwenda kunywa na wenzake kwa mikono pale pale. Utamfunga kamba?

Nimekwenda kukaa kwenye chemchemi siku nzima kama mjinga, nikiwaza habari zako. Nimeona jambo. Mwaka niliomwoa Cresensia, maji yalitokea chini ya ule mkuyu mkubwa. Korongo lilianzia hapo. Leo mkuyu umeanguka kitambo, na maji yanatokea hatua thelathini juu yake. Mimi nilikuwa nalaumu mvua. Lakini mvua ingekata kutoka juu, na huku juu nyasi ni nzima. Kuta za korongo zinadondoka kutoka chini, kama jino linalooza kwenye shina. Kwa nini?

Kuhusu vyoo, binti mwenye adabu hamuulizi babu yake mambo ya chooni. Kiko pale kilipokuwa. Karatasi yake bado ipo ukutani, ina muhuri.

Ngoyai, rafiki yangu Mmasai wa kule hifadhini, amepita na ndama watatu, anauliza lini unaolewa. Nimemwambia umeshaolewa na mimi.

Tluway

*

Dar es Salaam
30 Agosti 1981

Babu,

Salamu kwa wote. Mimi nina mafua, si kitu.

Korongo: umeona sawa. Maji yakitoka yanabeba chembe za udongo, kidogokidogo. Yanakula miguu ya ukuta, ukuta unakaa chini, na mdomo wa chemchemi unarudi nyuma. Hivyo korongo hupanda mlima kufuata kule maji yanakotoka. Mabonde mengi ya kwetu yamechimbwa namna hiyo, kutoka ndani.

Umeandika juu ya kila kitu isipokuwa nilichokuuliza.

Sitakuuliza mara ya pili. Nitakueleza tu tulichofanya wiki iliyopita. Mwalimu alitupeleka kwenye kisima kimoja ambacho watu wake wanaumwa matumbo. Kulikuwa na shimo jirani. Tulimimina humo chumvi nyingi na maji, halafu tukapima kisima kila siku kwa chombo. Siku ya tisa chumvi ilifika. Hakuna aliyegombana na mtu. Shimo lilijibu lenyewe.

Yapo mengine ninayofikiria ambayo siandiki.

Mjukuu wako,
Lusia

*

Qurus
18 Oktoba 1981

Lusia,

Leo nakuita kwa jina. Utani nitaurudia nikimaliza, kama utakuwa bado unautaka.

Watu wote wazima, na Hyasinta ana siku kumi hajaumwa. Sababu yake nitaifikia.

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa, usiilaumu posta. Aliyechelewa ni mimi, pamoja na ng'ombe. Chumvi hatuna, na chombo cha kupimia hatuna. Lakini Ngoyai alishuka na punda wa magadi kutoka Engaresero, nikamwomba magunia mawili kwa beberu mmoja. Akanitazama. "Tluway, unatengeneza ugoro wa Tanzania nzima?" Nikamwambia nataka kumuuliza ng'ombe swali. Mmasai hacheki mtu anayetaka kumuuliza ng'ombe. Akanisaidia kubeba.

Tuliyamimina chooni siku ya tarehe kumi na tano, na madebe ishirini ya maji juu yake. Mama yako akaniona, akasema umri umenifikia. Kisha nikaanza kwenda na Shangazi kwenye chemchemi kila asubuhi. Unamjua: hunywa, huinua kichwa, huondoka kwa haraka kama mtu aliyeacha ugali jikoni. Siku ya kumi, hivyo hivyo. Siku ya kumi na tano, hivyo hivyo. Nikaanza kuimba. Nikajiambia msomi wa Dar ameshindwa.

Siku ya kumi na tisa alikunywa, akainua kichwa, akakirudisha. Akanywa tena. Akalamba mawe. Nilimpiga fimbo, akanitazama tu. Jua lilipanda, ng'ombe wa Sylvesta wakaja nao wakagoma kuondoka, wanalamba mawe kama watoto kwenye sufuria ya sukari. Nikarudi nyumbani bila ng'ombe. Jikoni Marsela anamwambia Yohani, "Ajabu, maharage ya leo yameiva upesi, kama niliyatia magadi." Nikakaa nje. Sikula.

Sasa jibu la swali lako. Ni hatua sitini, upande wa juu. Na mwaka ule wa kampeni, mwezi wa tisa, nilipofika futi thelathini na tisa, udongo mwekundu uliisha nikaingia kwenye changarawe nyeusi, nyepesi, ya matundu. Palikuwa na baridi. Nikatazama chini, vidole vya miguu vinang'aa. Yalikuwa maji, Lusia. Hayakuwa mengi, yalilowesha nyayo tu. Sylvesta alikuwa amefika futi thelathini na nane na watu walikuwa wameanza kumsifu. Bwana Afya anakuja kesho yake na kamba ya kupimia. Alikuwa ametuambia kabisa: mkikuta unyevu, fukieni mkachimbe kwingine. Nikachimba kidogo zaidi, nikateremsha vikapu sita vya udongo mkavu, nikaukanyaga kwa miguu yangu, nikapanda juu nikipiga mluzi. Futi arobaini kamili. Nikapewa blanketi na karatasi ya muhuri, na miaka minane namcheka Sylvesta kwa futi mbili.

Bibi yako alifua suruali yangu. Akauliza, "Tluway, tope hili la Septemba umelitoa wapi?" Nikamwambia nililia machozi ya ushindi. Alicheka mpaka akakaa chini. Lile blanketi alijifunika yeye, miaka yote, mimi nikilalamika baridi. Ndilo tulilomzika nalo.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimwomba balozi wa nyumba kumi aite mkutano, nikasema yote. Nilileta na ile karatasi. Sylvesta alisimama. Wajukuu wake watatu wameumwa mwaka huu. Nilidhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Alisema tu, "Mimi nilikuta mkavu. Thelathini na nane, mkavu." Akakaa. Ningependa zaidi fimbo.

Wazee wamekata hivi: choo kifukiwe kwa mawe, chokaa na udongo, na kimeshafukiwa. Watu wateke maji kule juu, ukingoni mwa msitu, mwendo wa saa nzima. Na mimi nichote kwa punda kila siku kwa kila nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa, hadi chemchemi ipone. Ngoyai ameniazima punda. Punda huyo ananizidi akili lakini tunaelewana.

Korongo lile, nimepima. Limebakiza hatua sitini kunifikia. Lilikuwa linakuja kwangu muda wote huo, polepole, kama mtu mwenye adabu anayekuja kuuliza jambo.

Sasa na mimi nina swali. Wewe umeshajua ni lipi, ndiyo yale usiyoandika. Cresensia alilala siku kumi na moja kwa tumbo. Nilikuwa nampa maji kwa mkono wangu, asubuhi na jioni, kutoka pale. Je, ni mimi?

Tluway

*

Dar es Salaam
20 Novemba 1981

Babu yangu,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Naanza na salamu kwa sababu ulinifundisha kwamba hata mwenye habari mbaya hubisha hodi. Mnaendeleaje? Hyasinta je?

Sijui, Babu.

Ningekuwa naandika ili upate usingizi, ningeandika hapana, na ungejua kwamba nadanganya. Mwaka ule tumbo lilishika watu hata Mbulu, hata wasiokunywa kwetu. Bibi alikuwa amekwenda msibani Endabash wiki moja kabla, alikula na kunywa huko. Inawezekana ni kule. Inawezekana ni pale. Maji hayaweki kumbukumbu ya nani alitia nini, na mtu aliyeweza kupima hakuwepo. Hilo ndilo jibu lote nililonalo, na najua halitoshi.

Nina langu pia. Mwezi wa tatu mwaka huu mwalimu alichora ubaoni mlima, shimo na chemchemi. Wenzangu walinakili ubao. Mimi nilijikuta nimechora kwetu: nyumba, choo chako, mkuyu, njia ya mama. Nilijua siku ile ile. Nilikuandikia barua tatu nikazichana. Nilikuwa nakuona wewe na karatasi yako ukutani, nikaona bora nisiwe mimi. Mpaka uliponiuliza maji yanatoka wapi, nikapata pa kujificha nikiuliza. Kati ya mwezi wa tatu na mwezi wa saba Hyasinta aliumwa mara mbili. Kwa hiyo usikae peke yako kwenye jambo hili. Nafasi ipo ya wawili.

Lingine ni la kitaalamu, lakini nakuandikia kama mjukuu. Maji yanayopita kwenye ile changarawe nyeusi ni mepesi kusafiri. Mkishafukia, yatasafika, labda miezi, labda mwaka. Mengine yaliyo ndani zaidi yanatembea taratibu mno. Mvua iliyonyesha msituni mwaka mliooana wewe na Bibi, inawezekana bado haijafika. Iko njiani, mle gizani, haina habari ya shimo lako wala ya ushindi wako. Hiyo ndiyo inayosukuma haya machafu yatoke. Hakuna mtu anayeweza kuiharakisha.

Nimewaomba walimu, wamewaandikia watu wa maji huko wilayani waje kuchukua chupa ya kupima.

Utani naudai. Mume asiyemtania mkewe ni mgeni.

Lusia

*

Qurus
14 Machi 1982

Kwa mke wangu mdogo, mwenye mdomo mrefu na mwandiko mbaya,

Utani umerudi, lakini umekonda kidogo, uupe muda.

Goti limepona kwa ajili ya punda. Mwambie daktari yeyote wa huko: kama ana mzee wa goti, ampe punda na adhabu. Jino limeanguka lenyewe kwenye kiporo. Baba yako amepata chokaa ya upande wa pili, sasa haifanani na ya kwanza, nyumba ina sura mbili kama mwanasiasa. Hyasinta anasema namba hadi ishirini, anaruka kumi na saba. Tangu Oktoba hajaumwa tumbo.

Watu wa maji walikuja Desemba wakachukua chupa, wakaandika namba juu yake, wakaondoka. Hatujasikia. Labda na chupa nayo inatembea hatua moja kwa mwezi.

Jibu lako la "sijui" sikulipenda. Nililitia mfukoni nikalibeba na punda, kwenda na kurudi, miezi mitatu. Siku nyingine nalisoma kama msamaha, siku nyingine kama hukumu, na maneno ni yale yale. Nimeacha kulisukuma. Kuna siku nilimwambia Cresensia pale kaburini habari ya tope la Septemba, yote, bila mzaha. Shangazi alikuwa anakula maua. Hakuna aliyenijibu, lakini angalau nimelijibu swali lake, miaka minane na nusu baadaye. Ungesema liko njiani.

Sylvesta hakunisemesha mpaka Januari. Halafu siku moja alinikuta nimekwama na punda kwenye tope, akashika mkia, akasukuma. Akasema, "Nilikuwa na futi thelathini na nane za haki." Nikamwambia ndiyo. Akasema niiseme kwa sauti. Nikaisema kwa sauti, mpaka punda akashtuka. Tangu siku hiyo tunasukuma wote.

Kila Jumapili nampeleka Shangazi chemchemi. Marsela naye anateka kibuyu kimoja cha hapo kwa ajili ya maharage ya kujaribu, hatuyali, tunayaangalia tu. Novemba yaliiva upesi. Desemba upesi. Januari Shangazi alilamba mawe, lakini si kwa moyo. Mwezi uliopita maharage yalisumbua. Wiki iliyopita mama yako aliyachochea kuanzia misa hadi machweo, yakabaki mawe. Alitoka nje na mwiko akasema, "Baba, magumu!" akilia na kucheka, na jirani aliyepita akadhani tumepata msiba wa maharage.

Wazee wanasema tungoje chupa, na watu wachemshe hata hivyo. Mimi naendelea na punda, hilo nimelitaka mwenyewe. Lakini leo asubuhi nilikwenda na Shangazi peke yetu. Mvua ilikuwa imepiga msituni, juu kulikuwa na ukungu, huku chini pakavu. Nikawaza ile mvua ya mwaka wa harusi yetu, kwamba labda imefika leo, labda imebakiza hatua mbili. Shangazi akainama. Akanywa sana, maana alikuwa na kiu. Akainua kichwa, maji yanamdondoka kidevuni, akanitazama.

Halafu akageuka akaondoka kwa haraka, kama mtu aliyeacha ugali jikoni, na mimi na goti langu tukamfuata nyumbani.

Mumeo,
Tluway